Mbwa Aliyeogopa Mchi

Paukwa!

(Pakawa!)

Ee, hiyo ni pakawa ya watu walioshiba. Mara ya pili. Paukwa!

(Pakawa!)

Kinu? (Kipo!) Mchi? (Upo!) Na mtama? (Uko shambani!)

Basi uacheni huko huko ukomae, mimi niwape hadithi.

Hapo zamani za kale, zamani za watu kungojana, palikuwa na kijiji ambacho hakuna aliyeonja mtama mpya mpaka siku ya vinu. Siku hiyo kila mwanamke alijitwika kinu chake akakipeleka uwanjani kwa mtemi. Wakatwanga pamoja, ndipo kijiji kikala. Nipigieni makofi tuwasikie: ndu! ndu! ndu! Hivyo hivyo. Na wewe mwenye kikohozi, piga, mikono haikohoi.

Mchi wa kwanza siku hiyo ulikuwa wa Bibi Nyanzala. Hakuna aliyeinua mchi kabla yake. Bibi alikuwa mfupi, mkaidi, mwenye maneno machache na ugoro mwingi. Heshima ile ya mchi wa kwanza aliipenda kuliko ng'ombe wake wote, na hakuona haya kusema hivyo.

Sasa mwaka mmoja, mtama ukiwa unachanua, akatokea mbwa kutoka porini. Mbwa gani yule! Mbavu zake ungezihesabu ukiwa ng'ambo ya mto. Manyoya yamenyonyoka, upele mwili mzima, kupe wamejaa masikioni kama kunde. Na shingoni alikuwa na kipande cha kamba kilichotafunwa. Kamba ilifungwa angali mdogo, mbwa akakua, kamba isikue. Ilikuwa imezama nyamani.

Watoto wakamtupia mawe. Watu wazima wakawaangalia watoto, wasiwaambie kitu.

Asubuhi moja Minza, jirani yake Bibi, alikuwa anatwanga uani. Ndu! Ndu! Akapumzika kidogo, akajifuta jasho. Mbwa akanyemelea, taratibu, akainamisha kichwa kulamba pumba zilizomwagika chini. Minza hakumwona. Akainua mchi juu. Ndu!

Mbwa akaruka. Nyaku! Akamuuma Minza shavu la mguu, akakimbilia vichakani.

Kijiji kikakusanyika kwa mtemi. Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Shigela, mchungaji, yule aliyezoea kukaa kambi ya mbali ya ng'ombe wakati wa kiangazi.

"Mbwa huyu ana kichaa!" akasema. "Auawe leo, jua lisitue!"

Alipiga kelele kuliko mume wa Minza. Alipiga kelele kuliko Minza mwenyewe, na mguu ulikuwa wa Minza.

Bibi Nyanzala akavuta ugoro. Akapiga chafya. Akasema, "Mtemi wangu, mbwa wa kichaa huogopa maji. Huyu nimemwona alfajiri mtoni, anakunywa."

"Kama si kichaa, ni nini, Bibi?"

"Sijui bado. Nipeni mpaka siku ya vinu. Nitamleta hapa uwanjani, akae katikati ya michi yote. Akimuuma mtu, hata akionyesha jino tu, muueni."

"Na wewe je?" akauliza Shigela.

"Mvunje mchi wangu. Sitatwanga nanyi tena mpaka nife."

Watu wakaguna, mmh! Maana mwanamke aliyevunjiwa mchi hana mahali pa kusimama siku ya vinu. Hukaa nyumbani kwake, akasikia wenzake wakitwanga. Bibi mwenyewe, alipofika nyumbani, alikaa akaupangusa mchi wake mara mbili. Alikuwa amezaliwa mwaka wa njaa, na mama yake alimsimulia walivyofukuzwa kwenye milango ya watu. Macho ya mbwa yule yalimkumbusha milango ile. Ndiyo sababu ulimi ulimtangulia.

Haya. Kesho yake akapika uji wa pumba, akaenda nao vichakani.

"Njoo, mwanangu. Njoo ule."

Mbwa akakimbia, fyuu!

Siku ya pili, njoo ule. Fyuu! Siku ya tatu, fyuu! Ya nne, fyuu! Ya tano, hata kumwona hakumwona.

Mnacheka? Mnasema, mbona tumeambiwa bibi huyu alikuwa na hekima? Alikuwa nayo. Lakini hekima haimzuii mtu kukosea, humsaidia tu asikosee siku ya sita.

Sikilizeni kosa lake. Kijijini kwao walikuwa na msemo: mchi ukilala nje, njaa huingia ndani. Basi mwanamke hakuuacha mchi wake hata kidogo. Akienda kisimani, mchi kwapani. Akienda kwa shoga yake, mchi kwapani. Na Bibi Nyanzala, akienda kumbembeleza mbwa, bakuli mkononi, mchi wapi?

(Kwapani!)

Kwapani! Ninyi mmeona upesi. Yeye alikuwa ameuzoea, hakuuona.

Siku ya sita ugoro ukamtekenya pua. Akapiga chafya kubwa, chaa! Mchi ukamponyoka, ukabingirika mteremkoni. Bibi akainua macho, akamwona mbwa amejificha nyuma ya kichaka. Mbwa hakumtazama Bibi. Hakutazama uji. Macho yake yaliufuata mchi, unavyobingirika, unavyobingirika, mpaka ukasimama. Na mwili wote ulikuwa unamtetemeka.

"Lo!" Bibi akasema. "Kumbe mtu alikupiga kwa mchi. Na mimi siku tano nakuletea uji na fimbo yako pamoja. Nisamehe, mwanangu, nimezeeka na ujinga wangu."

Akaurudisha mchi nyumbani, akausimamisha ukutani, nje. Majirani wakamwita: "Bibi! Njaa itaingia ndani!"

"Na iingie," akajibu. "Itakuta nina mgeni mwingine."

Akarudi mikono mitupu, na bakuli tu. Akaweka uji chini. Akaupa uji mgongo, akakaa kitako, akatazama milima. Akakaa. Jua likapanda. Akakaa. Miguu ikafa ganzi. Akakaa. Ndipo akasikia nyuma yake: lwa, lwa, lwa. Mbwa anakunywa uji. Bibi alitamani mno kugeuka, lakini hakugeuka.

Kesho yake akasogeza bakuli hatua moja karibu na nyumba. Keshokutwa hatua nyingine. Hatua moja, uji, mgongo. Hatua moja, uji, mgongo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha imani ni kirefu kuliko vyote. Mwezi ulipoandama, mbwa alikuwa amelala kizingitini kwa Bibi.

Hapo akaikata ile kamba. Alitumia kisu kidogo cha kukatia mboga, huku anaimba polepole wimbo wa kulaza watoto. Mbwa alilia, hakuuma. Akamwosha kidonda kwa maji ya chumvi, akamtoa kupe mmoja mmoja, akampaka mafuta ya nyonyo mwili mzima. Mbwa akanuka vibaya, na Bibi akanuka pamoja naye. Majirani wakapita mbali. Lakini manyoya yakaanza kuota, mekundu, laini.

"Unamwitaje?" Minza akamuuliza, akiwa upande wa pili wa ua.

"Simwiti. Ana jina lake mahali. Nikilijua nitamwita."

Ikabaki kazi ya mchi. Bibi akaulaza mchi chini, mbali, na uji kando yake. Mbwa akalia, akazunguka, akazunguka, mwishowe akala. Kesho yake akausogeza. Kesho yake akaushika. Kesho yake akauinua mpaka magotini, akaushusha bila kugonga kitu. Kisha akajaza kinu majani mabichi, akapiga moja tu, tena taratibu: pu. Na uji hapo hapo. Pu, uji. Pu, uji. Majani yakapungua, sauti ikakua. Ndu, uji. Ndu! Uji!

Lakini huo ulikuwa mchi wa Bibi. Uwanjani ingekuwapo arobaini.

Asubuhi moja mlango wa ua ukasukumwa. Minza huyo, mchi begani, anachechemea kidogo bado.

"Bibi, mimi ndiye niliyeumwa," akasema. "Akinizoea mimi, atawazoea wote. Anzia mbali. Nikipiga, wewe mpe uji."

Bibi alifurahi hata akasahau ugoro wake. Wakatwanga wawili. Baadaye Minza akaleta wenzake. Wakatwanga watatu, wakatwanga watano. Na mtama shambani ukawa unainamisha vichwa.

Siku ya vinu ikafika. Uwanja umejaa. Vinu arobaini, michi arobaini, watu wamejipanga pande zote. Bibi Nyanzala akaingia, mbwa mwekundu ubavuni pake, bila kamba. Akasimama kwenye kinu chake. Moyo ulikuwa unampiga kuliko mchi. Akauinua juu.

Ndu!

Mbwa akatikisa masikio, akatulia.

Wanawake wakaitikia. Pigeni makofi, pigeni! Ndu! Ndu! Ndu! Ndu! Vumbi likapanda, ardhi ikatetemeka. Mbwa akajibana kwenye miguu ya Bibi, akahema, akakaa kitako. Hakuuma. Hakuonyesha jino. Mtemi akaanza kutabasamu.

Mara akatoka Shigela kundini. Akamnyang'anya mwanamke mmoja mchi wake. Watu wakacheka, maana hapo kwao mwanamume hatwangi. Yeye hakucheka. Akamwendea mbwa moja kwa moja, mchi umeinuliwa.

"Mnamwona mpole?" akapaza sauti. "Sasa mtaona jino!"

Mbwa aliyestahimili michi arobaini akauona huo mmoja. Akaanguka kifudifudi. Akajikojolea. Akatambaa kwa tumbo vumbini, si kumkimbia Shigela, bali kumwendea, mpaka miguuni pake. Akalaza kidevu juu ya unyayo wake, akafumba macho, akangoja pigo.

Vinu vyote vikanyamaza.

"Shigela," mtemi akasema, "mbwa huyu anakujua."

Wahenga walisema, mla kuku wa mwenziwe, miguu humwelekea. Shigela akatazama watu, akatazama mchi mkononi mwake. Akasema neno moja, kwa sauti ndogo sana:

"Kipupwe."

Mkia wa mbwa ukatikisika. Mara moja tu, vumbini. Lakini uwanja mzima uliuona.

Shigela akauachia mchi ukaanguka. "Ni wangu," akasema. "Nilimlea kambini tangu hajafungua macho. Mwaka jana niliwaambia chui alimla ndama, akamla na mbwa. Nilisema uongo. Ndama aliliwa mimi nikiwa nimelala kwa pombe. Kipupwe alibweka, alibweka sana, sikuamka. Asubuhi nikaona aibu. Aibu ikageuka hasira, nikampiga kwa mchi wa kambini, maana huko hakuna wanawake, tunajitwangia wenyewe; nikamfunga mtini kwa kamba yake ya utotoni, nikahama na ng'ombe. Alipotokea hapa nikaogopa. Nilisema, akipona atanifuata nyumbani, na mtajua."

Watu wakapiga kelele: "Apigwe! Apigwe kwa mchi huo huo!" Na michi ikainuka kweli kweli.

Bibi Nyanzala akaketi chini vumbini, kati ya michi na Shigela, akamvuta mbwa mapajani.

"Mchi umekwisha kumfundisha huyu mbwa kujikojolea," akasema. "Mnataka umfundishe nini Shigela?"

Michi ikashuka, mmoja mmoja. Mtemi akatamka, "Mbwa hajamuuma mtu leo, wala hajaonyesha jino. Mchi wa Bibi Nyanzala ni mzima. Na huyu mchungaji, Bibi, tumfanyeje?"

"Mpeni bakuli," Bibi akasema.

Wanawake wakarudi kwenye vinu, kijiji kikala mtama mpya. Na kesho yake asubuhi Shigela alionekana nje ya ua wa Bibi, uji wa pumba mkononi, uso umemshuka kwa haya. Bibi akamwonyesha mahali.

"Weka chini. Kaa. Mpe mgongo. Na usigeuke, hata akija, hata asipokuja. Ukigeuka tu, unaanza upya."

Akakaa. Mbwa hakuja. Siku ya pili hakuja. Siku ya kumi watoto wakamcheka, "Shigela anaitazama milima!" Akakaa. Siku ya kumi na tano alisikia uji unalambwa nyuma yake, mbali kidogo. Akauma midomo, akakaa.

Siku ya ishirini na moja, uji ukiwa umekwisha, Shigela alisikia pua ya baridi mgongoni pake. Ikamnusa bega, ikamnusa shingo. Kisha uzito mzima wa mbwa ukamwegemea mgongoni, ukapumua, ukatulia. Shigela alilia mpaka kifua kikalowa. Hakugeuka.

Wasikilizaji wangu, uliyemuumiza usimkimbilie kwa maneno matamu, wala usimdai akusamehe kesho. Kaa chini, weka mbele yake ulichonacho, umngoje kwa siku zake, si kwa siku zako. Ndivyo watu wa kijiji kile walivyofundishwa na Bibi Nyanzala, na hata alipokufa waliendelea kumtaja.

Ngano yangu imekomea hapo. Mimi nimeitua, atakayeibeba na aibebe.