Kompyuta Nyepesi ya Mwalimu Subilaga

Isome hii pole pole, kisha umpelekee yeyote unayejua yuko mbioni kumnunulia mwenzake kitu.

Katika kijiji kimoja cha milimani, ambako ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi, aliishi mkulima mmoja wa viazi. Watu walimwita Baba Lusajo, kwa jina la binti yake wa pekee. Lusajo alizaliwa na macho hafifu. Uso wa mama yake aliuona kama kivuli tu, na herufi za kitabuni hakuziona kabisa.

Shuleni walikuwepo watoto sita wa namna hiyo. Walikuwa wakikaa nyuma ya darasa wakisikiliza tu, mpaka alipohamia Mwalimu Subilaga. Mwalimu huyo alikuwa na laptop yake ya zamani, nene, yenye kioo kikubwa. Aliandika herufi moja, akaikuza mpaka ikajaa kioo kizima, kisha akawaita watoto wasogee hadi pua zikaribie kugusa.

Siku Lusajo aliposoma neno lake la kwanza, alikwenda mbio mpaka shambani, akijikwaa kwenye matuta.

"Baba! Nimeliona neno 'maji'! Nimeliona mwenyewe!"

Baba Lusajo aliweka jembe chini, akajifanya anafuta jasho.

Mwaka uliofuata, wakati wa likizo, Mwalimu Subilaga alipata ajali ya gari. Alifanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo, akarudi kijijini akitembea kwa hatua fupi. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi: "Kufundisha fundisha. Ila usibebe kitu kinachozidi kilo mbili. Ukikaidi, hiyo miguu itakuaga."

Shule haikuwa na umeme, wala chumba chenye kufuli la kuaminika. Kwa hiyo kompyuta ililala nyumbani kwa mwalimu, ng'ambo ya kilima, ambako umeme ulikuwepo, na kila asubuhi ilipandishwa tena. Watoto waliibeba kwa zamu, wakigombana nani aanze. Siku moja ya mvua iliwaponyoka, ikatumbukia kwenye mfereji. Haikuwaka tena.

Kamati ya wazazi ilikutana. Mwenyekiti alikuwa Baba Lusajo.

"Tumnunulie nyingine," alisema, "na iwe nyepesi, asiumie."

Wote waliitikia. Kila nyumba ilitoa ilichokuwa nacho: viazi, maziwa, kuku. Mama Tumpe, mjane aliyeishi karibu na kisima, alileta kitambaa cha mezani alichokuwa amekifuma mwenyewe kikauzwe mnadani.

"Lakini si tumuulize kwanza mwenyewe anataka ya aina gani?" alisema Mama Lusajo kutoka kwenye benchi la nyuma.

Watu walimcheka.

"Mama Lusajo nawe!" alisema Mzee Kibona, mtani wa kijiji. "Mgeni akija kwako unamuuliza kama anataka chai? Si unamletea?"

"Anayeuliza hataki kutoa," mwingine akadakia, na kicheko kikaongezeka.

Ikakubaliwa kwamba mwalimu asiambiwe kitu. Atashtukizwa mbele ya kijiji kizima.

Baba Lusajo alitumwa mjini. Katika duka la kompyuta alipokewa na dada mmoja, Hidaya. Aliona viatu vyake vimejaa tope la safari, akamletea kiti kabla ya kumuuliza lolote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nataka laptop nyepesi kuliko zote."

"Ataitumia nani?"

"Mwalimu wetu."

"Darasani? Huko shuleni umeme upo?"

"Haupo."

"Anakaa nayo muda gani kwa siku? Na ana vitu vingine vya kuchomeka?"

"Mwanangu," alisema Baba Lusajo, "unauza kompyuta au unatuhesabu kwa sensa?"

Hidaya alicheka, akaweka kompyuta mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya fedha, nyembamba kama sahani.

"Hii haifiki kilo moja. Lakini kioo chake ni kidogo, chaji inakaa kama saa tatu, na ina tundu moja tu la waya."

Akagusa ya pili, nyeusi.

"Hii ni kilo moja na nusu. Kioo kikubwa, chaji inafika hata saa kumi, na matundu yapo ya kutosha. Baba, mwalimu wa shule isiyo na umeme mimi ningempa hii."

Baba Lusajo aliitazama ile nyeusi. Ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ya karani wa kata. Akawaza siku ya kukabidhi, mwenyekiti amesimama mbele ya kijiji kizima, anafunua kitenge, halafu kinatoka kitu kama hicho. Watu watasema nini? Kuhusu kioo kidogo alijituliza mwenyewe: herufi si zinakuzwa tu?

"Nifungie ya fedha," alisema.

Hidaya hakubishana naye. Aliandika risiti, akaikunja vizuri, akamwekea mkononi.

"Ndani ya siku kumi na nne, isipomfaa, irudisheni na hiyo nyeusi nitawapa. Ila mumuulize, baba. Tafadhali."

Siku ya kukabidhi ilifana. Kompyuta ilifunuliwa, ikapita mkono kwa mkono, kila mtu apime wepesi wake. Mabibi wazee waliipima, watoto waliipima. Mzee Kibona aliinyanyua kwa vidole viwili.

"Hii hata kuku anaibeba!"

Kijiji kizima kiliangua kicheko.

Ikafika kwa Mwalimu Subilaga. Aliifungua. Aliupima upana wa kioo kwa kiganja, akaigeuza ubavu huu na ubavu ule kana kwamba anatafuta kitu. Kisha aliinua macho, akawaona watu wote wanavyomtazama, na Mama Tumpe ameshika shavu kwa furaha. Mwalimu alitabasamu, na machozi yakamtoka.

"Machozi ya furaha hayo!" watu wakasema, wakapiga vigelegele.

Tangu siku hiyo watoto waliacha kugombania mkoba wa mwalimu. Wagombanie nini? Kila mmoja alikwisha kuishika ile kompyuta, na alijua haina uzito. Mtu mzima akikutana na mwalimu njiani na kutaka kumpokea, mwalimu alijibu akicheka, "Niacheni jamani. Si mmeninunulia nyepesi?"

Mama Lusajo peke yake ndiye aliyeona jambo.

"Mume wangu, mwalimu siku hizi anakaa kwenye mawe mara mbili kabla ya kufika juu."

"Ni ukungu huo," alijibu Baba Lusajo. "Unabana kifua."

"Ungemuuliza."

"Nitamuuliza."

Hakumuuliza. Msimu wa kupanda viazi ulikuwa umefika. Siku kumi na nne zilipita, risiti ikiwa bado kwenye mfuko wa koti lake la safari.

Lusajo naye aliendelea kusoma. Sasa alisoma sentensi nzima. Jioni moja alimsimulia baba yake kuhusu herufi kubwa kama ungo anazozisoma kwenye kioo cha mwalimu.

"Kile chembamba?"

"Hapana, baba. Kingine. Anakitoa mkobani."

Baba Lusajo alikuwa anachagua mbegu. Aliitikia "Ehee," akaendelea kuchagua.

Asubuhi moja ya mvua alikuwa anapandisha kilima kwenda kutazama mfereji wa shamba lake. Karibu na kilele alimkuta Mwalimu Subilaga amekaa kwenye majani yaliyolowa, mkoba umelala kando yake.

"Mwalimu! Umeteleza?"

"Hapana, Baba Lusajo. Miguu imegoma kidogo. Itarudi. Huwa inarudi."

"Pole sana. Lete huo mkoba, nitangulie nao."

"Uache tu. Tafadhali uache."

Lakini alikwisha kuuinamia. Aliushika kwa mkono mmoja, kama mtu anayeokota kofia. Mkoba haukuja. Alidhani umenasa kwenye mzizi. Akaushika kwa mikono miwili, akaunyanyua, na mabega yake ya mkulima yakausikia uzito ule.

Aliufungua hapo hapo, mvua ikinyesha. Kompyuta ya rangi ya fedha ilikuwa ndani, nyembamba kama siku waliyoinunua. Pembeni yake palikuwa na kioo kikubwa cha kompyuta ya mezani kilichozungushiwa kanga, maana kile kidogo hakikutosha herufi za watoto. Palikuwa na betri kubwa ya akiba kama tofali, maana chaji iliisha kabla ya vipindi kwisha. Na palikuwa na kisanduku cha nyaya, maana tundu moja halikuweza kuviunganisha vyote.

Mwalimu Subilaga aligeuza uso pembeni, kana kwamba ni yeye aliyefumaniwa na kosa.

Siku hiyo miguu haikurudi. Wanaume wanne walimshusha kwa machela mpaka barabarani. Mama Tumpe alifuata nyuma amemshikia mwavuli, mwenyewe akilowa. Hospitalini daktari alitazama picha za mgongo, akauliza swali moja tu:

"Alikuwa anabeba nini?"



Mwalimu hakurudi darasani tena. Wale watoto sita walirudishwa nyuma ya darasa. Lusajo hakulia. Jioni alikaa na kitabu amekiegemeza puani, akigeuza kurasa moja moja mpaka mwisho, kisha anaanza tena, bila kusoma hata neno. Baba yake hakuweza kutazama.

Miezi ikapita. Mwalimu Subilaga alikuwa sasa kwa dada yake, bonde la chini, amelala kitandani kando ya dirisha. Kamati ya wazazi ikakutana tena. Safari hii ilikuwa habari ya kiti cha magurudumu.

"Tuchukue kile cha kisasa," mmoja alisema, "chenye rimu zinazong'aa."

"Na tumshtukize," akaongeza mwingine. "Maskini, amekaa kwa huzuni mno."

Baba Lusajo alisimama. Watu walidhani mwenyekiti anataka kusema. Alichukua kofia yake, akatoka, akashuka bondeni kwa miguu.

Alimkuta mwalimu macho. Dada mtu akamletea mgeni kigoda, akawaacha.

"Mwalimu," alisema Baba Lusajo, "mbona hukutuambia?"

"Mama Tumpe aliuza kitambaa chake, Baba Lusajo. Watu walitoa kuku waliokuwa wanataga. Ningesimama mbele yao niseme hainifai?" Alitabasamu kidogo. "Nilisema nitazoea."

"Dada wa dukani aliniambia niulize. Mke wangu aliniambia niulize. Mara mbili." Aliinamisha kichwa. "Nilitaka ipendeze siku ya kukabidhi."

Mwalimu hakumlaumu. Alinyoosha mkono, akaugusa mkono wake uliojaa sugu, akauacha hapo.

"Leo nimekuja kuuliza," alisema Baba Lusajo. "Wenzangu wanachagua kiti huko juu. Mimi sitaki kuchagua. Niambie wewe. Unahitaji nini?"

Mwalimu Subilaga alimtazama. Macho yakamjaa.

"Tangu niumie," alisema, "watu wameniletea vitu vingi, Mungu awabariki. Kuulizwa, ndiyo mara ya kwanza."

Kisha akaomba apewe muda kidogo afikiri. Baba Lusajo alikisogeza kigoda chake ukutani, akavua kofia, akangoja.

Funzo: Kabla ya kumchagulia mtu kitu, iwe laptop au msaada wowote, muulize atakitumia wapi, kwa kazi gani, na ana shida gani. Zawadi tunayoichagua ili itupendezeshe mbele ya watu, uzito wake tunamwachia abebe yule tuliyedhani tunamsaidia.