Fisi na Kibuyu Kilichojaa

Naja, naja!
— Njoo upesi!
Nimebeba ngano!
— Itue tuione!
Ina chumvi!
— Tutailamba!

Haya, lambeni.

Hapo kale, katika bonde la Chamvuo, wanyama wote walikuwa na mganga mmoja tu, Bi Kobe. Mwendo wake ulikuwa mzito, lakini mkono wake mwepesi. Akikushika, unapona. Usipopona, anakufuata mpaka kwako kukuuliza kwa nini.

Mwaka huo Bi Kobe akashika mayai. Akamwendea Bibi Tembo, mkuu wa bonde, akamwambia, "Bibi, nakwenda kutaga kwetu, kwenye mchanga wa mtoni."

Bibi Tembo akashusha pumzi, fuuu! Safari ya Kobe mnaijua wenyewe: kwenda ni kiangazi, kurudi ni masika.

"Na sisi huku nyuma atatutibu nani?"

Kabla Kobe hajafungua kinywa, kichakani kukasikika kicheko: hi-hi-hiii! Akatoka Fisi, kifua mbele, na mgongo umenyooka. Siku zile mgongo wa Fisi ulikuwa umenyooka kama wa Punda.

"Bibi Mkubwa, hilo nalo la kukutoa jasho? Mimi ninao waganga wa muda. Mganga akisafiri, naleta wa kushika nafasi yake. Mganga akijifungua, naleta. Mganga akifa..."

"Basi, basi," akasema Bibi Tembo. "Unataka nini?"

"Asali tu, Bibi. Asali kidogo ya mizinga ya bonde."

"Na nitajuaje kama waganga wako wanafanya kazi?"

"Kwa vibuyu! Kila mganga atakuwa na kibuyu chake. Akimhudumia mgonjwa, anatia kijiwe. Mwezi ukiwa mpevu tunakutana hapa, tunavipima. Kibuyu kizito, mganga hodari. Kibuyu chepesi, mganga mvivu. Na jinsi vibuyu vyangu vitakavyokuwa vizito, ndivyo asali yangu itakavyokuwa nyingi."

Bibi Tembo akakuna sikio. Kijiwe kinaonekana. Kijiwe kinashikika. Kijiwe hakisemi uongo. Akakubali.

"Na huyo mvivu, mwenye kibuyu chepesi?"

"Huyo niachieni mimi, nitamwondoa."

Hakusema atamwondoa ampeleke wapi. Lakini mate yalimdondoka, to!

Basi Bi Kobe akashika njia, na Fisi akaleta waganga wake wawili: Kunguru na Nguchiro. Kunguru mnamjua. Nguchiro ni kadude kadogo, mkia mrefu, pua imechongoka, mdomo haufungwi. Dawa alikuwa anazijua. Na alikuwa anajua kwamba anazijua, hata akawa anawachosha wagonjwa kwa kuwaeleza.

Kazi ikaanza. Mgonjwa wa kwanza alikuwa Swala, anachechemea, chepe, chepe, mwiba umemzama ukwatoni. Akaenda kwa Kunguru.

Kunguru akamgusa sikio. "Umetibiwa! Mwingine!" Akatupa kijiwe kibuyuni: ko!

"Lakini mwiba uko mguuni," akasema Swala.

"Mwingine!"

Swala akaenda zake, chepe, chepe. Kesho yake akarudi, chepe, chepe. Kunguru akamgusa pua. "Umetibiwa! Mwingine!" Ko! Kesho kutwa akarudi. Akamgusa mkia. Ko! Swala mmoja, mwiba mmoja, na kibuyu cha Kunguru kinaimba: ko! ko! ko!

Upande wa pili Nguchiro ameinama juu ya jicho la Digidigi. Anapuliza, anaosha, anatafuna jani, anakamua maji yake, anapuliza tena. Jua likapanda, jua likashuka. Digidigi akafumbua jicho, akaona, akaruka juu kwa furaha. Nguchiro akatia kijiwe chake: ko. Kimya.

Jioni ile Fisi akaja kukagua. Akatikisa kibuyu cha Kunguru: chaka-chaka-chaka! Akafumba macho kama anayesikiliza ngoma ya harusi. Akatikisa cha Nguchiro: chak.

"Wewe," akasema.

"Naam, Bwana."

"Hiki nini?"

"Ni jicho la Digidigi, Bwana. Lilikuwa limeziba, sasa linaona, na kama ungeona nilivyo..."

"Sikuuliza habari za macho. Mwezi ukipevuka, mwenye kibuyu chepesi nitamwalika nyumbani kwangu tule."

"Tule nini, Bwana?"

Fisi akamtazama kuanzia pua mpaka mkia, taratibu, kama mtu anayepima kitoweo.

"Nitakula," akasema.

Nguchiro hakulala vizuri. Na kulipokucha akasema moyoni, "Kwani mimi nimeumbwa kufa kwa ajili ya jicho la Digidigi? Kama ni kugusa, hata mimi nina kidole." Akaja Pundamilia na mtoto wake, mtoto anaharisha. Nguchiro akamgusa mtoto mgongoni. "Umetibiwa! Mwingine!" Ko! Akaja Nyani na jino lake. Akamgusa kisigino. Ko! Aa, kumbe rahisi! Kabla jua halijafika utosini kibuyu chake kimeanza kuwa na sauti.

Alasiri Pundamilia akarudi. Safari hii mtoto hakuwa anatembea. Alikuwa akisukumwa na pua ya mama yake, kichwa kinaning'inia, ulimi mkavu.

"Mganga," akasema Pundamilia.

Nguchiro akatazama kibuyu, akatazama mtoto. Akakipiga kibuyu teke, pu! Akakimbia chemchemini, akarudi na maji mdomoni, akamdondoshea mtoto tone kwa tone. Akakimbia tena. Akachimba mizizi, akaiponda, akamlisha. Akakimbia tena. Usiku kucha yeye na njia, njia na yeye. Asubuhi mtoto akasimama, miguu inatetemeka, akatafuta ziwa la mama yake. Pundamilia akalia. Nguchiro naye akalia, halafu akasingizia vumbi.

Tangu hapo hakumgusa tena mgonjwa kwa kugusa tu. Lakini mwezi ulikuwa unakua, na kibuyu chake kilikuwa chepesi, na lile tumbo la Fisi lilikuwa palepale.

Ndipo akakaa juu ya jiwe, akafikiri. Akasema, "Huyu Fisi hajauliza hata siku moja kijiwe kinahesabu nini. Anauliza kibuyu kimejaa kiasi gani, basi. Sasa anayependa kujaziwa, nimjazie."

Akatafuta kibuyu kikubwa, kikubwa kabisa, tumbo lake kama la Kiboko. Akakiweka njiani, pale wagonjwa wanapopita. Akasimama hapo mchana kweupe akatangaza:

"Enyi wagonjwa! Ukija mara ya kwanza, pita. Ukirudi na ugonjwa ule ule ulioondoka nao, tia kijiwe humu kwanza, ndipo upite!"

Hakunong'ona. Hakuficha. Kila mtu alisikia, kuku-mwitu kwa nungunungu. Fisi angeuliza, angeambiwa. Lakini Fisi si wa kuuliza.

Swala akaja, chepe, chepe: ko! Nyani na jino lake: ko! Ngiri na kikohozi chake, kho-kho-kho: ko! Kesho yake wale wale: ko! ko! ko! Kibuyu cha njiani kikajaa mpaka shingoni, na waliojaza, wengi wao, walikuwa wametoka kwa Kunguru. Swala akataka kuhamia kwa Nguchiro, lakini foleni ya kwa Nguchiro ilikuwa ndefu mno, maana yeye alikuwa anatibu.

Siku moja kabla ya mkutano, Fisi akapita njia ile. Akakiona. Akasimama kama aliyepigwa na radi.

"Lahaula! Hiki kibuyu cha nani?"

Nguchiro akakirukia, akakikumbatia. "Bwana, hiki kiache! Hiki hakikuhusu!"

"Hakinihusu? Kimejazwa na nani?"

"Na wagonjwa, Bwana."

"Wagonjwa wa nani?"

"Wengi ni wa Kunguru."

"Na Kunguru ni wa nani?"

"Ni wako, Bwana."

"Na wewe, mwenye kibuyu chepesi, ni wa nani?"

"Ni wako pia, Bwana."

"Basi hiki kibuyu ni cha nani?"

Nguchiro akainamisha kichwa. "Mimi nimenyamaza."

"Hi-hi-hiii! Mwizi! Ulitaka kunificha!" Fisi akamsukuma kando, akakitikisa kibuyu: chaka-chaka-chaka-chaka! Akakikumbatia kama mwana aliyerudi kutoka vitani, akaondoka nacho anayumba kwa uzito.

Mwezi ukapevuka. Asubuhi yake bonde zima likakusanyika uwanjani: wenye manyoya, wenye magamba, wenye pembe. Nguchiro alikuwa mbele. Alijua ametega. Lakini mtego nao huweza kumkosa mnyama ukamnasa mtegaji.

Bibi Tembo akainua kwa mkonga kibuyu cha Kunguru. "Kizito." Akainua cha Nguchiro. "Chepesi." Fisi akamwangalia Nguchiro, akajilamba pua.

"Bado kimoja, Bibi Mkubwa!" akasema Fisi. Akatoa kile kikubwa, akakiweka katikati, tii! Ardhi ikatikisika kidogo. Wanyama wakatazamana. Wengine wakaanza kuziba midomo kwa mikia yao.

Bibi Tembo akasema, "Fisi, hiki ni chako?"

"Changu!"

"Chote?"

"Chote!"

Nguchiro akajitupa chini, anagaragara. "Bwana Fisi, nihurumie! Nigawie hata nusu, nami kibuyu changu kiwe kizito!"

"Nusu? Hata kijiwe kimoja hupati! Hiki ni kazi yangu mimi, jasho langu mimi. Naapa mbele ya bonde zima: kila kijiwe kilichomo humu ni changu!"

"Umeapa?" akauliza Bibi Tembo.

"Nimeapa! Leteni asali!"

"Subiri. Kibuyu cha Kunguru najua kinahesabu waliohudumiwa. Hiki kinahesabu nini?"

Fisi akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena. "Kina... kinahesabu... wingi, Bibi."

"Wingi wa nini?"

Ndipo katikati ya umati akatoka Swala, chepe, chepe, akaingiza mdomo kibuyuni akatoa kijiwe chekundu.

"Hiki nilikitia mimi, Bibi, siku niliporudi na mwiba wangu. Na hiki tena, nilipotoka nao kwa Kunguru ukiwa bado mguuni. Na hiki. Na hiki."

Nyani akaja ameshika shavu. "Na hiki ni jino langu."

"Na hiki, kho-kho, ni kikohozi changu," akasema Ngiri.

Nguchiro akasimama, akajipangusa vumbi, na sasa hakuwa analia hata kidogo. "Bibi Tembo, kibuyu hiki kinahesabu waliorudi bila kupona. Kila kijiwe ni maumivu yaliyoguswa yakaachwa. Mimi nilimwambia hakimhusu. Kasema chote ni chake, na kaapa."

Uwanja ukalipuka. Vicheko, vigelegele, kwato chini, mabawa juu! Kunguru hakungoja kuulizwa, prrr! akaruka akapotelea angani.

"Nusu ni vya Nguchiro!" akapiga kelele Fisi. "Jamani, nusu ni vyake!"

"Aliomba nusu, ukamnyima," akasema Bibi Tembo. "Mimi nami nimejifunza leo: nilipima vijiwe nikasahau kuuliza wagonjwa. Haya. Fisi, chako ni chako. Kila kijiwe kina mgonjwa wake, na kila mgonjwa utambeba mgongoni mpaka kwa Nguchiro, utangoja atibiwe, kisha utambeba mpaka kwake. Akikiri mwenyewe kwamba amepona, anatoa vijiwe vyake. Kibuyu kikiisha, uko huru. Na asali apewe Nguchiro."

Fisi akambeba Swala. Mwiba ukachomolewa mara moja, shwapu! Swala akaruka juu mara nyingi bila sababu. Fisi akambeba Nyani, aliyekuwa akimvuta masikio njia nzima. Akambeba Ngiri akimkoholea kisogoni. Bi Kobe akarudi na wanawe wakimfuata mstari mmoja, akamkuta Fisi bado anabeba. Akabeba, akabeba, mpaka kibuyuni kikabaki kijiwe kimoja.

"Hiki cha nani?" akauliza, pumzi zinamwishia.

"Changu," ikajibu sauti nzito kutoka nyuma. Alikuwa Kifaru, na tumbo lake.

Kifaru akapanda. Kraa! Kiuno cha Fisi kikashuka, na mpaka leo hakijapanda. Ukimwona Fisi mabega juu, matako chini, usimcheke. Alikuwa akibeba mali yake.

Na Nguchiro? Nguchiro alikaa juu ya mzinga wa asali, vidole vinanata, akimweleza kila apitaye jinsi alivyofanya, mwanzo mpaka mwisho, hata wasiotaka kusikia.

Ngano imefika kikomo. Tamu yake ni yenu, makapi yake ni yangu.

Na funzo? Funzo ni hili, wanangu, lishikeni sana: wadogo muwe na adabu. Mkubwa akisimama mbele za watu akasema, "Hiki changu, chote changu," msibishane naye hata kidogo. Mpeni. Mpeni chote.