Maranda Yaliyolowa

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani ya wafalme na majini, ni zamani ya masika ya juzijuzi tu, alikuwapo mama mmoja jina lake Bi Sikudhani. Mumewe alikwishatangulia mbele ya haki. Alikuwa na watoto wanne na kuku kumi na wawili, na ukimsikia akiwasifu, hungejua wapi anamaliza watoto na wapi anaanza kuku.

Kuku wenyewe walikuwa wa shingo wazi, kizazi cha kuku mmoja aliyepewa yeye alipotimiza siku arobaini za kuzaliwa. Ndiyo desturi ya nyumba ile: mtoto akifika arobaini, anapewa kuku wa kizazi hicho, aanze maisha na kitu chake. Kizazi kile hakikuwapo kwingine kijijini. Kilikuwa katika banda la Bi Sikudhani, basi.

Na banda lile lilikuwa na mambo yake. Chini yametandazwa maranda, yale yanayoruka seremala akipiga randa. Bi Sikudhani hakuwa na tabia ya kuyatoa. Anageuza kwa reki, anaongeza mapya juu, anageuza, anaongeza, mwaka mzima, mpaka ya chini yanakuwa udongo mweusi wa kuwekea mchicha wake. "Usitoe, ongeza." Ndiyo kauli aliyorithi kwa mama yake, na mama yake aliishi bara kule, kwenye mvua za kuhesabu.

Basi, binti yake Mwantumu, aliyeolewa kijiji cha mbali, akajifungua mtoto wa kike. Bi Sikudhani akafunga mzigo aende kumlea mzazi siku arobaini. Kabla hajatoka akawaita watatu waliobaki.

"Mrisho, wewe seremala, utaleta maranda."

"Nimesikia, mama."

"Kibwana, bati la banda limeanza kuinuka. Ligongelee misumari."

"Nimesikia, mama."

"Semeni mwanangu, wewe ndiye unayelala hapa. Kila asubuhi geuza. Na usitoe, ongeza."

"Nimesikia, mama."

Na walisikia kweli, jamani. Masikio hayakuwa na kosa.

Kibwana akachukua nyundo, akaegemeza ngazi. Hajapanda, akaitwa: jirani amefiwa, makaburini wanatakiwa watu wa kuchimba. Nani angekataa? Akachimba, akakaa matanga siku tatu. Mvua ikaanza. Akasema kesho. Kesho ikaja na mvua yake, akasema kesho tena. Alipogongelea bati ilikuwa siku ya kumi, na maji yalikwishaingia yakakaa.

Mrisho naye, maranda yake yalikuwa yamelundikwa nje ya karakana, yakanyeshewa. Gunia la maranda makavu unalibeba kwa mkono mmoja huku unapiga soga. Lile lilimwinamisha mgongo. Akajua. Lakini maranda makavu yalikuwa kwa seremala mwenzake ng'ambo ya mto, na mto umejaa. Akajisemea, "Kuku watachakura, yatakauka yenyewe." Akayamwaga kwenye kona ya banda, akaenda zake.

Haya, Semeni. Asubuhi moja akatia reki, reki ikakwama. Maranda yameshikana vipande vipande, na harufu ikamchoma macho mpaka akatokwa na machozi. Semeni akachukua koleo ayatoe yote. Akafika nalo mlangoni. Hapo akakumbuka: usitoe, ongeza. Akalirudisha koleo, akatandaza yale ya Mrisho juu. Kwa macho, banda likapendeza.

Ijumaa mama akapiga simu. "Kuku hawajambo?"

Semeni aliwaona pale, wamejikunyata, mabawa yameanguka. "Hawajambo, mama. Wewe muuguze mzazi."

Hakutaka kumtia mama jakamoyo. Nampenda Semeni, nakwambieni wazi, na neno lile bado linaniuma.

Kuku wakaanza kuhara damu. Bwana mifugo akaja, akatoa dawa, akachota maranda ya chini akayanusa. "Dawa wanakunywa, na bado wanalala juu ya ugonjwa," akasema. Semeni akayatoa siku ileile, analia huku anachota, akayalundika nyuma ya banda, chini ya upenu. Muda ulikuwa umepita. Wakafa wawili, wakafa wanne, wakafa watano. Kumi na mmoja wote.

Alibaki mmoja, tetea mchanga mkaidi asiyekubali kuingia bandani. Kila jioni anafukuzwa aingie, kila jioni anapanda mpera kulala huko. Waliotii ndio waliokufa.

Siku ya thelathini na nane Bi Sikudhani akarudi kuchukua kuku wa mjukuu. Watoto watatu walikuwa wamejiandalia maneno. Kibwana ana msiba wake, Mrisho ana mto wake, Semeni ana agizo lake. Mama akawapita, akaliona banda tupu. Akaenda kwenye lile lundo nyuma ya banda, akachota konzi moja, akaminya, akafungua kiganja. Maranda makavu huachana. Yale yalibaki na alama za vidole vyake.

Yale maneno yakawapotea.

"Kosa langu, mama," akasema Kibwana. "Matanga yalikuwa siku tatu. Zile saba nilikula mimi."

"Kosa langu," akasema Mrisho. "Mgongo uliniambia, nikaunyamazisha."

"Langu, mama. Uliniuliza, nikakudanganya," akasema Semeni. "Ungejua, ungeniambia nitoe."

Bi Sikudhani akakaa chini palepale, kwenye tope, na kanga yake ya safari.

"Na mimi je? Nilijua bati limeinuka, nikaondoka. Nikaacha neno la nchi kavu katika nyumba ya mvua. Laiti ningemwambia mtoto atumie pua yake."

Akaomba aletewe yule tetea, akampakata.

"Huyu ni wa mjukuu. Lakini kwa Mwantumu hakuna banda, na mtoto hawezi kufuga. Lazima mmoja wetu amlee mpaka aatamie, maana akifa huyu, kizazi kimekwisha. Nitamkabidhi mwenye kosa dogo kuliko wote. Aje amchukue."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mama naye akamweka kuku chini katikati yao.

Sasa nawaona mnavyonitazama. Wewe umekwishamhukumu Kibwana, ilhali kwenu bati linavuja tangu mwaka jana. Na wewe unamtetea Semeni kwa kuwa alitii. Sikuzuii. Ila kuku yuko katikati, anachakura, na arobaini ya mtoto ni kesho kutwa. Je, kati ya wale wanne, mama na wanawe watatu, nani alistahili kumwokota?