Cherehani ya Ta Kaijage

Sogeeni niwape kisa cha watu watatu wa Bukoba, maana mimi kimenishinda. Mutalemwa alijaliwa sauti. Akinong'ona, wa nyuma kabisa wanamsikia. Adventina, fundi nguo, alijaliwa miguu isiyochoka kwenye cherehani. Ma Kokubelwa, mama yake Mutalemwa, alijaliwa mkono, na wanawe wote wanaujua.

Siku hiyo ukumbi wa parokia ulijaa. Vijana waliigiza mchezo wa zamani, ulioandikwa baada ya vita vya Kagera, wa kijana aliyerudi na hasira zake akazimwagia mkewe anayeshona. Cherehani waliazimwa na Ta Kaijage, mzee mwenye duka. Ma Kokubelwa alikaa mbele na khanga mpya mapajani, ya kumtunza mwanawe mchezo ukinoga.

Mutalemwa, aliyeigiza mume, alianza kama ilivyoandikwa. Alipofika katikati akayaacha maneno ya mchezo. "Risasi nimezisikia Kagera zikanitosha," akasema polepole. "Na nyumbani nako nizikute kwenye cherehani?"

Ma Kokubelwa aliganda. Maneno yale yalikuwa ya marehemu mumewe, jioni ile aliporudi vitani, akainyanyua cherehani ya mkewe na kuitupa nje mvuani. Mutalemwa alikuwa mdogo, amejilaza chumba cha pili. Miaka yote mama alijiambia kwamba mtoto hakusikia. Kumbe alisikia neno kwa neno, hata kikohozi cha baba yake alikuwa nacho.

Adventina, aliyeigiza mke, alitakiwa aache kushona, alie. Hakuacha. Alikanyaga na kukanyaga mpaka ukumbi mzima ukasikia kile alichokuwa akikisikia yule mume, yaani bunduki. Mutalemwa akaishika cherehani kwa mikono miwili. Akainyanyua upande mmoja, naye Adventina akazidi kukanyaga.

Hapo Ma Kokubelwa akapanda jukwaani. Vigelegele vikapigwa, watu wakidhani anakwenda kutunza. Akamzaba mwanawe kofi moja, kisha khanga akamfunika nayo Adventina mabegani.

"Mwache ashone," alisema.

Mutalemwa akaiachia cherehani, akaketi chini na kulia, na kilio kile hakukifanyia mazoezi. Ukumbi ulipigwa butwaa. Ta Kaijage akasimama, machozi yanamtoka.

"Cherehani hii sirudi nayo," alisema. "Aichukue aliyetutoa machozi haya."

"Ni mimi," alisema Mutalemwa. "Maneno yale nimeyabeba tangu utotoni. Nisingeyatoa, mngekuwa mnasinzia."

"Ningenyamaza, yangebaki maneno tu," alisema Adventina. "Halafu mwenzenu nashonea mashine ya kukodi."

Ma Kokubelwa alisogea kwenye cherehani. Aliweka kiganja juu ya gurudumu, akalizungusha kidogo, likazunguka bila kelele.

"Yangu ilitupwa na baba," alisema. "Bila mkono wangu, na hii ingetupwa na mtoto."

Ta Kaijage alitazama huku, akatazama kule, akashindwa kuamua. Mpaka leo anangoja ushauri, nami nimekileta kisa kwenu. Je, wewe ungemkabidhi nani cherehani ile?