Mawifi Wawili na Piko

Kina mama, kaeni vizuri. Na wewe mwenye simu, izime. Mungu hapigi kwa namba hiyo.

Walikuwepo mawifi wawili. Mmoja kaolewa na kaka wa mwenzake, nyumba zao zimetenganishwa na ua wa michongoma tu. Kila Krismasi ikikaribia walinunua pakiti moja ya piko, ile dawa nyeusi ya unga ya kuficha mvi, wakakaa uani kupakana. Wakubwa wenzangu mnakumbuka. Piko linakorogwa kwenye kisosi kilichopasuka, mswaki uliokwisha ndio brashi, kanga kuukuu mabegani, mafuta ya mgando kwenye paji la uso na masikioni ili lisishike ngozi. Huyu anaketi kigodani, yule anasimama nyuma yake anamgawa nywele, na mdomo haupumziki.

“Wifi, tulia, kichwa kinacheza kama cha kinyonga.”

“Paka taratibu basi! Unadhani unasiliba ukuta?”

Walingoja likolee huku maharage yakichemka, kisha wakasuuzana kwa kopo. Sisemi zamani ilikuwa peponi. Zamani tulikuwa na chawa. Lakini hakuna mwanamke aliyetoka nyumbani kisogo chake hakijatazamwa na mtu.

Shetani akaja, akapitia kwenye sufuria. Kijana wa yule mke wa kaka alipata mchumba, kikao cha harusi kikakaa, na shangazi mtu akasema mbele ya wazee: “Wali apike mwingine. Wali wa wifi yangu ni wa kunywa.” Watu wakacheka. Mwenye wali hakucheka. Tangu hapo salamu zikakatika, hata kuku wakivuka ua walirudishwa kwa mawe.

Harusi ikafika. Kila mmoja akanunua pakiti yake, akajifungia ndani na kioo chake. Niambieni, kioo kinakuonyesha wapi? Mama wa bwana harusi akapaka mbele, akapaka pembeni, akajiona binti, akaenda kanisani kichwa wazi. Nyuma mvi tupu, nyeupe kama pamba. Shangazi naye, kwa hasira zake, akasahau mafuta ya mgando. Piko likamchuruzikia sikioni na shingoni, likashika kama lami. Akasugua mpaka ngozi ikachubuka, wapi! Akafunga kilemba kikubwa, akakishusha mpaka chini ya masikio, na watu wakamsifu: leo shangazi umependeza.

Kanisani akakaa benchi la nyuma ya wifi yake. Akakiona kile kisogo. Jamani, moyo wake ulilamba asali! Wasichana huko nyuma wakaanza kunong'ona: “Mbele ana thelathini, nyuma ana themanini.” Akacheka nao. Mngekuwa ninyi mngefanya nini? Msinijibu, nawajua.

Mara mchungaji akaita wazazi waje mbele wawabariki watoto wao. Pale mbele ukisimama, mgongo wako ndio kanisa zima linautazama, na mpiga picha alikuwa ameshajiweka tayari. Wifi akainuka, amejinyoosha, furaha imemjaa, hajui lolote. Shangazi akamtazama na kicheko kikamkwama. Kichwa kile amekishika Krismasi ngapi? Kuna kovu pale nyuma analijua yeye kuliko mwenyewe. Akamdaka mkono.

“Wifi, ngoja. Inama.”

“Niache! Hata leo unanitafuta?”

“Inama, nakwambia. Kisogo!”

Akakifungua kilemba chake mbele ya watu wote, akamfunga nacho. Yule akageuka, akaona sikio jeusi, shingo imechubuka, nywele mabaka mabaka.

“Uwii, wifi! Nani kakupaka hivi?”

“Mimi mwenyewe. Na wewe?”

“Mimi mwenyewe.”

Mnadhani wale wasichana walinyamaza? Walicheka zaidi. Naye shangazi akakaa vile vile, kichwa wazi, mpaka baraka ya mwisho.

Sasa sisi. Sisi hodari wa kusema, “Nimemsamehe, nimeyaacha.” Tumeyaacha huku vilemba vyetu tumevikaza! Kisogo cha mwenzako umepewa wewe ukione, kwa sababu yeye hawezi. Hukukalishwa nyuma yake ili uwe shahidi wa aibu. Lakini kumfunika si bure, mama. Utamfunika kwa kitambaa kile kile unachojifichia wewe, na ndiyo maana tunaona afadhali kucheka.

Siku hizi kila mtu na pakiti yake, mlango kaufunga, kajitosheleza. Haya. Yule ambaye hamsalimiani tangu Pasaka yumo humu ndani. Nilimwona akiingia, na wewe ulimwona, ukahama benchi. Mimi nakaa. Ninyi inukeni, mwendeeni.

Amina mtaisema mkirudi.