Mwenye Jina la Ngiri

Palikuwa na tajiri mmoja Morogoro, Bwana Lukindo, aliyesikia habari za Ngiri, programu ya kompyuta ambayo walioitengeneza walimruhusu kila mtu ainakili na kuiuza. Programu yenyewe hakuweza kuimiliki, basi akalisajili jina. Kisha akaenda kwenye kibanda cha Sikitu, mama aliyeuza diski za Ngiri.

"Jina ni langu," alisema. "Chukua leseni kwangu au ufunge kibanda."

"Nipe, bosi," Sikitu alijibu kwa unyonge. "Ila wateja wangu ni wabishi. Leseni iseme kila diski iandikwe jina la mwenye Ngiri na namba yake ya simu, wakujue."

Lukindo akavimba kichwa. "Iwe kwa herufi kubwa," akasema, akasaini.

Wiki mbili baadaye alirudi macho yamemwiva.

"Wananipigia tangu alfajiri. Mmoja printa yake haichapi, mwingine kasahau nywila, mwingine ananiuliza kompyuta inawashiwa wapi. Nifutie namba yangu."

"Leseni hairuhusu, bosi. Namba ni ya mwenye jina."

"Basi jina silitaki. Liwe la yeyote."

Sikitu akavuta droo, akampa karatasi iliyokwisha kuchapwa, inayosema jina la Ngiri limeachiwa watu wote. Lukindo akasaini mbiombio. Alipoinua kalamu ndipo akaiona tarehe ya kuchapwa kwake: siku ile ile aliyotoa leseni.

Akafungua mdomo amuulize, simu ikaita.

"Pokea, bosi," Sikitu akamwambia. "Huyo atakuwa amenunua jana."