Kitabu cha Kijani cha Mwalimu Kindi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanakwenda kanisani na kuvua kofia mlangoni, palikuwa na kanisa bondeni. Kengele yake ilikuwa rimu ya lori. Ukiigonga, ngaa! ngaa!, hata konokono alijua amechelewa. Msinicheke. Ninyi mmezaliwa juzi, mtajuaje?

Wazee wa kanisa walikuwa wanne. Mzee Kiboko ndiye mwenyekiti, na benchi lake lililia kwiii kila alipokaa. Mzee Nyati alikuwa na hasira za karibu. Mama Mbuni aliongoza akina mama. Wa nne alikuwa Ndugu Fisi, mlezi wa kwaya ya vijana, mwenye sauti tamu na tabasamu lisilokauka.

Na Mwalimu Kindi? Huyo hakuwa mzee. Alifundisha vijana darasa la Jumapili. Ungeweza kumtia kwenye mfuko wa shati, lakini akili zake zisingeenea kwenye gunia.

Sasa, vijana wake walikuwa wanakua. Huyu sauti imekwaruza, yule pembe zinachomoza, na maswali hayaishi. Wakimuuliza mama, wanatumwa maji. Wakimuuliza baba, anakohoa. Kwa hiyo Kindi akaandika kitabu chembamba, kurasa kumi na mbili, jalada la kijani. Kilieleza mwili unavyobadilika, kwamba Mungu aliuumba na haukuwa wa kuonewa haya, kwa nini mambo ya ndoa yasubiri ndoa, na kijana afanye nini mtu akimtakia mabaya. Nyani mpiga chapa akachapa nakala mia.

Darasani walikuwa wamefika ukurasa wa sita tu, Mzee Nyati alipomkuta mwanawe ngazini akisoma. Akaona jina la kitabu: *Mwili Wangu Una Heshima*.

"Mwili!" akanguruma. "Mwili ndani ya kanisa!"

Basi, kikao kikaitwa. Vitabu vyote vikakusanywa, vikafungiwa kabatini, na ufunguo akapewa Ndugu Fisi.

"Ukimwonyesha mtoto mto, ataoga," alisema Mzee Kiboko.

"Mto upo hata nisipomwonyesha, mzee wangu," Kindi akajibu. "Na mamba yumo. Afadhali ajue pa kukanyaga."

"Sisi tulikua bila vitabu, na tumekosa nini?" aliuliza Mama Mbuni.

"Mama, mmewahi kukisoma hiki?"

"Nguo chafu haihitaji kuvaliwa ndiyo ijulikane!"

Ndugu Fisi akasimama, mikono kifuani. "Wapendwa, Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Tusigombane na mwalimu wetu. Tuvichome tu. Jumapili ijayo, baada ya ibada, mbele ya vijana wenyewe, wajifunze."

"Amina!" wakaitikia wazee, na benchi likalia kwiii.

Kindi akatoka pale roho inamuuma. Kisimani akamkuta Tumsifu, binti wa Mama Digidigi, miguu myembamba, shanga mpya nyekundu shingoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umependeza! Nani kakununulia?"

Tumsifu akachora chini kwa kwato. Kisha akauliza polepole, "Mwalimu, mtu mkubwa akikupa kitu, akakwambia usimwambie mama, ukisema ni dhambi?"

Kindi akamsogelea. "Si dhambi hata kidogo. Ni nani huyo?"

Tumsifu akanyakua ndoo yake, akakimbia, maji yakimwagika njia nzima.

Hilo ndilo jambo uliloandikiwa ukurasa wa saba, watoto wangu, na ukurasa wa saba ulikuwa umefungiwa kabatini! Kindi alikasirika mpaka mkia ukamsimama. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Digidigi, akamwambia, "Dada, wiki hii binti yako asitoke peke yake. Usimfokee. Kaa naye tu." Mama Digidigi hakuuliza mara mbili.

Mtu mkubwa. Lakini nani? Kindi alikuwa na wazo lake. Ila akimtaja mtu bila ushahidi, watasema, "Ana chuki kwa ajili ya vitabu vyake." Akakaa tawini, akatafuna karanga tatu, na ya nne ilipoisha alikuwa anacheka.

Asubuhi akabisha hodi kwa Mzee Kiboko.

"Mzee, nimekubali. Vichomwe."

"Ahaa! Sasa unasema."

"Lakini desturi yetu mnaijua. Hapa kwetu kitu hakihukumiwi mpaka kila mzee asimame mbele ya waumini, ataje kosa aliloliona kwa macho yake. Basi nitamwomba Nyani achape nakala nyingine, kila mzee na yake, msome mpaka Jumapili."

Kiboko akajikuna shavu. "Desturi ni desturi. Lete."

Kindi akaruka mpaka kwa Nyani. "Kaka, nitengenezee vitabu vinne. Jalada lile lile la kijani. Ndani karatasi tupu."

"Tupu? Neno hata moja?"

"Hata nukta."

"Hee! Wakifungua je?"

"Mwaka jana niliwapa taarifa ya darasa langu, nikasahau ulimbo kwenye vidole, kurasa zikagandana. Iliporudi ilikuwa imegandana vile vile, na wameandika chini: *Tumesoma, tumeridhika*." Kindi akacheka kwi kwi kwi. "Hawatafungua. Atakayefungua atakuja kuniuliza, na huyo nitampa cha kweli kwa mikono miwili na heshima zote."

Siku hiyo hiyo kila mzee akapata chake. Jumanne hakuna aliyekuja. Jumatano kimya. Mama Mbuni alifunikia chungu cha maziwa kitabu chake. Kindi akaendelea kula karanga.

Jumapili ikafika. Nje kuni zimepangwa, moto unawaka kwa-kwa-kwa. Ndani vijana wamekaa mbele, nyuso chini. Tumsifu kakaa karibu na mama yake, shanga shingoni.

"Wazee," alisema Kindi, "kila mmoja ataje kosa, kwa desturi yetu."

Mzee Nyati akainuka. "Mimi nilifungua ukurasa wa kwanza tu. Lahaula! Nikafumba macho!"

Mama Mbuni hakutaka kushindwa. "Mimi nimekisoma chote, mara mbili. Zile picha! Ilibidi nizifunike kwa kanga."

"Mmh!" waumini wakaguna.

"Mimi," alisema Mzee Kiboko, "nilivumilia mpaka ukurasa wa arobaini. Huo ndio ulionimaliza."

Ndugu Fisi akaona wenzake wanapapasa tu. Akataka awaonyeshe msomi ni nani.

"Wapendwa, mimi nitawatajia neno kwa neno. Ukurasa wa saba: 'Mtu mzima akikupa zawadi, akakwambia usimwambie mama, mwambie mama siku hiyo hiyo.' Jamani! Huku si kuwafundisha watoto kuwachongea wazee wao?"

"Umelisoma hilo kwenye nakala niliyokupa?" aliuliza Kindi.

"Hii hii mkononi! Mungu ni shahidi."

"Basi wazee, tufungulieni, sote tuone."

Wakafungua. Fra! fra! fra! Nyeupe. Wakageuza. Nyeupe. Mzee Kiboko akakipindua kitabu juu chini, kana kwamba maneno yangedondoka. Nyeupe pee!

Mtoto mmoja wa kima akaangua kicheko, kanisa zima likamfuata. Mzee Nyati akataka kuingia chini ya benchi, lakini nani amwazime benchi la kumtosha?

Kindi hakucheka. "Ndugu Fisi, tuonyeshe ukurasa wa saba."

"A-a... hicho... nilisoma cha kabatini. Ufunguo si ninao?"

"Mungu uliyemtaja shahidi amesikia. Haya, cha kabatini kina kurasa kumi na mbili. Umeshika mmoja tu kwa moyo. Kwa nini huo?"

Tabasamu la Fisi, lile lisilokauka, likakauka.

Ndipo Tumsifu akasimama.

"Mama, shanga amenipa yeye. Akasema nisikwambie. Akasema leo, vitabu vikishaungua, nimfuate mtoni peke yangu, nikajifunze sauti ya kwanza."

"Na mimi aliniambia hivyo!" akasema binti wa Mbuni.

Mama Digidigi, ambaye hajawahi kupaza sauti hata akiimba, alipiga ukelele uliotikisa madirisha. Akazikata shanga, zikamwagika sakafuni prrrr! Fisi akaruka dirishani, ufunguo ukaanguka, Nyati nyuma yake, safari hii hasira zimepata mwenyewe. Pembe ikampata kiunoni, pu! Ndiyo maana hadi leo fisi hutembea nyuma kumeinama, na hakuna kijiji kinachomkaribisha mlangoni.

Mama Mbuni alikuwa amemkumbatia binti yake kwa mabawa yote mawili. "Na mimi nilikifunikia maziwa," alikuwa akisema. "Nilikifunikia maziwa, mwanangu."

Mzee Kiboko akainuka. "Waumini," alisema, "ukurasa wa arobaini haupo. Mimi sikusoma. Mwalimu, nisamehe."

"Nimekusamehe, mzee. Lakini soma."

Mzee Kiboko akaokota ufunguo, akafungua kabati mwenyewe, akatoa kitabu cha kweli. Akasoma mbele ya wote, kwa sauti yake nzito, akikwama hapa na pale na kukohoa kidogo ukurasa wa tatu. Hakuna paa lililoanguka. Alipofika ukurasa wa saba aliusoma mara mbili, halafu akamwambia Tumsifu, "Mjukuu wangu, hukukosea."

Nakala mia zikarudi kwa wenyewe. Na ule moto? Moto mzuri hautupwi: akina mama waliweka sufuria, tukanywa chai, na mimi nikapata kikombe cha pili kabla sijaja kuwasimulia.

Usihukumu kitabu usichokifungua, na anayetaka sana mtoto asijue, muulize yeye anaficha nini.